Waraka Umefungwa: Na Nani?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili vyuoni hawaliulizi, ingawa huwakabili mara kwa mara. Swali lenyewe huzuka pale mwanafunzi anapoufungua waraka wake katika tarakilishi, uwe ni insha ya semina, pendekezo la utafiti au sura ya tasnifu, akakuta kando ya jina lake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba waraka huo ni wa kusomwa tu. Aghalabu mwanafunzi huyo haulizi ni nani aliyeufunga waraka wake wala kwa sababu gani. Hushtuka, hulalama, kisha hushika mojawapo ya njia tatu: kuupeleka waraka kwa mhudumu wa saiberi, kuucharaza upya tangu neno la kwanza, au kuendelea kuandika kana kwamba hapana lililotokea.

Njia hizi zote zina hasara. Anayekwenda saiberi hulipa ili mtu mwingine ambonyezee kitufe kimoja, naye hurudi bwenini akiwa hajui zaidi ya alivyokuwa akijua. Anayecharaza upya hupoteza siku nzima na kuongeza makosa ambayo hayakuwapo. Lakini aliye hatarini zaidi ni huyo wa tatu. Ikumbukwe kwamba waraka wa kusomwa tu, mara nyingi, haumkatazi mtu kuandika. Maneno hutokea kwenye skrini kama kawaida, aya zikafuatana, tanbihi zikapangika. Kinachokatazwa ni kuyahifadhi hayo yote kwa jina lile lile. Saa nane za usiku, mwandishi anapotaka kufunga kazi, programu humtaka atoe jina jipya. Naye, kwa usingizi na kwa kutouelewa ujumbe, huchagua kufunga bila kuhifadhi. Asubuhi huamkia waraka wa juzi. Kazi ya usiku kucha imekwenda na maji, na msimamizi anaisubiri saa nne.

Ama kwa hakika, tatizo hili huhesabiwa kuwa ni la mafundi. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu yake kubwa ni tatizo la lugha, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, ana zana za kulitatua.

Sababu ni hii. Kauli ya Kiingereza inayotokea kwenye skrini hueleza hali ya waraka, lakini haimtaji mtendaji. Humwambia msomaji anachoweza kufanya, yaani kusoma, bila kumwambia ni nani au ni nini kilichomzuia asiandike. Chini ya kauli hiyo moja hujificha mambo mengi yasiyofanana: ulinzi dhidi ya virusi, uamuzi wa mwenye waraka, programu iliyokwama, na hata diski iliyokaribia kufa. Mgonjwa akimwambia daktari kwamba anaumwa, asiseme anaumwa wapi, hawezi kutibiwa. Kiswahili, kwa upande wake, kina vitenzi vyenye minyambuliko inayopambanua mambo hayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kwamba kauli ya kutendwa hudokeza mtendaji, na kwamba kauli ya kutendeka hueleza hali ya kitu chenyewe bila kumtaja aliyekitenda. Mtu akisema "waraka umefungwa," msikilizaji atauliza, "Na nani?" Akisema "hapa hapaandikiki," msikilizaji atapaangalia mahali penyewe. Tofauti hii inayofundishwa darasani kwa mifano ya vikombe vilivyovunjwa na vikombe vilivyovunjika ndiyo hasa inayohitajika mbele ya tarakilishi.

Kwa hiyo, badala ya jina moja lisilotosha, yapendekezwa majina manne: waraka uliokingwa, waraka uliofungwa, waraka unaoshikiliwa, na waraka ulio mahali pasipoandikika. Kila jina lina sababu yake na dawa yake. Kabla ya kuyafafanua, ipo hatua moja ambayo sharti itangulie, nayo ni kuiokoa kazi. Mtu akishaona kwamba waraka ni wa kusomwa tu, na auhifadhi papo hapo kwa jina jingine, katika kabrasha ambalo ana hakika huandikika. Akiisha kufanya hivyo, ndipo atafute chanzo. Jaribio la kwanza ni jepesi: acharaze herufi moja. Ikiwa herufi haitokei kabisa, waraka umekingwa au umefungwa, au programu yenyewe imekwisha muda wake. Ikiwa herufi inatokea lakini waraka unakataa kuhifadhiwa kwa jina lake la awali, basi tatizo limo katika faili, katika aliyeishikilia, au katika mahali ilipo.

Waraka uliokingwa ni ule ambao programu imeuwekea ngao. Tangu toleo la mwaka 2010 la Microsoft Office, faili iliyotoka kwenye intaneti au iliyoletwa kwa barua pepe hufunguliwa kwa tahadhari, na mstari wa manjano hutokea juu yake ukiwa na kitufe cha kuruhusu uhariri. Windows huipachika faili hiyo alama isiyoonekana inayoonyesha kwamba imetoka nje. Chimbuko la tahadhari hii linafahamika. Mnamo Machi 1999, virusi vilivyoitwa Melissa vilisambaa duniani vikiwa ndani ya waraka wa Word. Kila aliyeufungua waraka huo bila kinga, tarakilishi yake iliutuma kwa anwani 50 za kwanza katika daftari lake la barua pepe. Ngao ya leo ni funzo la mikasa ya aina hiyo. Ikiwa mwanafunzi anamjua aliyemtumia waraka na alikuwa akiutarajia, na abonyeze kitufe hicho tu, yamekwisha. Akitaka kuiondoa alama yenyewe, aibonyeze faili kwa upande wa kulia wa kipanya, afungue sifa zake, kisha aondoe kizuizi kilichoandikwa sehemu ya chini. Lakini mstari ukiwa mwekundu badala ya manjano, maana yake programu imegundua kasoro katika faili yenyewe. Hapo haraka haraka haina baraka: ni heri kumwomba mwenye waraka aulete upya.

Waraka uliofungwa ni ule uliofungwa na mtu kwa kusudi. Huenda msimamizi ameutia alama kuwa ni nakala ya mwisho. Alama hiyo si kufuli bali ni ombi la heshima, na yeyote anaweza kuiondoa kwa kitufe kinachotokea juu ya waraka. Huenda ameweka nywila ya uhariri, na asiye nayo aweza kuusoma na kuhifadhi nakala yake kwa jina jingine. Huenda pia ameruhusu maoni pekee, ili kila badiliko lipitie kwake. Nyaraka zinazoshirikiwa mtandaoni nazo huwa na ngazi zake: yupo aliyepewa ruhusa ya kutazama, yupo wa kutoa maoni, na yupo wa kuhariri. Dawa ya mafungo haya yote ni moja, nayo ni kumwomba aliyefunga. Mwisho katika kundi hili ni faili ambayo imewekewa alama ya kusomwa tu katika sifa zake. Alama hiyo ni kongwe, ilikuwapo tangu zama za DOS, na huondolewa kwa kufuta tiki moja katika dirisha la sifa za faili. Hapa pana mtego unaowapotezea wengi muda: dirisha la sifa za kabrasha huonyesha kisanduku kama hicho kikiwa kimejazwa, na watu hukifuta mara kumi kikirudi mara kumi. Kisanduku hicho, kwa kabrasha, hakizuii faili zilizomo. Kinachofaa kuangaliwa ni sifa za faili yenyewe.

Waraka unaoshikiliwa ni ule ambao mwingine ameufungua kwanza. Katika maabara ya chuo, au pale kundi la wanafunzi linapotumia kabrasha moja la pamoja, wa kwanza kufungua hupewa kalamu na wa pili hupewa macho tu. Jambo hili ni la haki, kwani wawili wakiandika kwa wakati mmoja katika faili ya kawaida, kazi ya mmoja ingefutwa na ya mwenzake. La kustaajabisha ni kwamba mara nyingine anayeushikilia waraka ni mwenyewe. Word hutengeneza faili ndogo iliyofichwa katika kabrasha lile lile, jina lake likianza kwa alama za ~ na $, ikiwa ni kumbukumbu ya aliyeufungua waraka. Waraka ukifungwa vyema, faili hiyo hujifuta. Umeme ukipotea ghafla au programu ikikwama, hubaki, na siku ya pili mwenye waraka huenda akaambiwa kwamba waraka unatumiwa na mtu fulani, kumbe mtu huyo ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa yake ni kufunga nyaraka zote za Word, kuizima tarakilishi na kuiwasha tena. Ikiwa faili hiyo ndogo ingalipo, na hakuna mwenzake yeyote aliyeufungua waraka, basi na aifute.

Waraka ulio mahali pasipoandikika hauna dosari yoyote wenyewe. Tatizo ni pale ulipo. Waraka uliofunguliwa ukiwa bado ndani ya furushi la zipu, au moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, huwa umewekwa mahali pa muda tu. Sharti utolewe na kuwekwa katika kabrasha la kudumu kabla ya kuandikwa. Kadi za kumbukumbu za umbo kubwa, na baadhi ya diski za flashi, zina swichi ndogo ubavuni ambayo ikisukumwa huzuia uandishi, na yaweza kusukumika mfukoni bila mtu kujua. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows husomeka katika tarakilishi za Mac, lakini kwa kawaida haiandikiki humo. Hifadhi ya mtandaoni nayo ikijaa pomoni, uhariri huweza kuzuiwa hadi nafasi ipatikane. Lililo zito kuliko yote ni diski ya flashi ambayo jana iliandikika na leo, bila swichi wala sababu nyingine, haiandikiki. Diski nyingi za aina hiyo, zinapoanza kuharibika, hujifunga zisiandikwe tena. Hiyo ni ishara ya mwisho kabla ya kimya. Mwenye tasnifu humo asitafute njia ya kuilazimisha. Anakili kila kitu siku hiyo hiyo, kisha aiweke kando.

Limesalia jambo moja lisiloingia katika majina hayo manne, kwa kuwa halihusu waraka hata kidogo. Vipakatalishi vingi huuzwa vikiwa na programu ya majaribio au ya kulipiwa kila mwaka. Muda ukiisha, Microsoft 365 huruhusu nyaraka kufunguliwa na kuchapishwa, lakini huzuia kuhariri. Hapo kila waraka utakuwa wa kusomwa tu, na kugeuza sifa za faili hakutasaidia kitu. Dawa ni kulipia, au kutumia programu huria kama LibreOffice isiyohitaji malipo. Ishara ya kulitambua tatizo hili ni kwamba linazikumba nyaraka zote kwa pamoja, si mmoja.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya idara ya sayansi ya tarakilishi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anatosheka na ushairi, riwaya na isimu yake. Pingamizi hili halina mashiko. Ushairi huo, riwaya hizo na isimu hiyo leo huandikwa, husahihishwa na huwasilishwa kwa tarakilishi. Mshairi wa zamani alijua kuchonga kalamu yake ya mwanzi na kuchanganya wino wake, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kazi ya seremala.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Yupo atakayesema kwamba ujumbe wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, hivyo kuufafanua kwa Kiswahili ni kumzungusha mtu. Ni kweli kwamba watumiaji wengi nchini Kenya hutumia programu zenye menyu za Kiingereza. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakijapata kuingia humo. Mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili vya Windows na Office. Zana zilikuwapo, ila watumiaji hawakuzikimbilia. Sababu hazikosi kuwa nyingi, lakini mojawapo haina budi kutajwa: mtumiaji alipewa majina ya vitufe, hakupewa maelezo ya matatizo. Alijua kitufe kinaitwaje kwa Kiswahili, lakini waraka ulipokataa kuhifadhiwa, msaada wote alioupata, kwa mhudumu, kwa mwalimu na kwa rafiki, ulikuwa kwa Kiingereza. Mtu hujifunza lugha ya kitu pale anapohitaji msaada. Palipo na dhiki ndipo msamiati unapokaa.

Wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili nao hawawezi kukwepa lawama. Kwa miaka mingi mijadala ya istilahi imezunguka jina la mashine yenyewe. Wapo wanaotetea tarakilishi, wapo wa ngamizi, na wapo wasemao kompyuta yatosha. Mjadala huo una faida yake, kwani huonyesha jinsi lugha inavyounda na kukopa maneno. Lakini wakati wakubwa wakijadiliana juu ya jina la nyumba, hakuna aliyeshughulikia majina ya nyufa zake. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya skrini saa nane za usiku hahitaji kujua kama anatumia tarakilishi au ngamizi. Anahitaji kujua kama waraka wake umekingwa, umefungwa, unashikiliwa au uko mahali pasipoandikika.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi ni lugha ya kazi, na kazi nyingi za ofisi siku hizi ni nyaraka za tarakilishi. Karani wa kaunti ambaye barua ya mwananchi imemgomea kwenye skrini anastahili kuelezwa dawa kwa lugha rasmi anayoielewa barabara. Anayefaa kumwandalia maelezo hayo si mgeni kutoka nje, bali mhitimu wa Kiswahili aliyewahi kupatwa na tatizo hilo hilo akiwa chuoni.

Yafaa basi hatua zichukuliwe, na zianze na zilizo ndogo. Kwanza, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiandae karatasi moja yenye majina manne yaliyotajwa, ishara ya kila mojawapo na dawa yake, ibandikwe kwenye ukuta wa maabara. Karatasi hiyo isiandikwe na kamati ikiwa imejifungia chumbani. Iandikwe maabarani, mbele ya mashine, kisha isomewe mwanafunzi asiyejua lolote, na kila neno litakalomkwamisha libadilishwe. Pili, wanafunzi wanaotafiti istilahi wahimizwe kuanzia kwenye hitilafu badala ya kuanzia kwenye orodha za maneno ya Kiingereza yanayosubiri tafsiri. Tatu, wahadhiri wanaosimamia tasnifu wawafahamishe wanafunzi wao mapema pale wanapofunga waraka, na kwa nini wameufunga. Mwanafunzi anayejua kwamba msimamizi ameruhusu maoni tu hatapoteza jioni nzima akipambana na kufuli iliyowekwa kwa faida yake. Hatauvunja mfungo huo kwa hila, kwani heshima ya kazi ya mwenzi ni sehemu ya maadili ya usomi.

Nne, na hili ni la mwanafunzi mwenyewe, nakala ziwekwe kwa utaratibu. Anayehifadhi kwa jina jipya kila anapokwama hujikuta na sura ya tatu mpya, sura ya tatu mpya kabisa, sura ya tatu ya mwisho, na sura ya tatu ya mwisho kweli. Wako waliompelekea msimamizi ile isiyokuwa ya mwisho. Tarehe ikiandikwa katika jina la faili, na nakala ya pili ikawekwa mbali na ya kwanza, hata diski ikifa kazi itabaki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni mdogo, na zege ya kuuziba imo mikononi mwa wanaojua tofauti kati ya kutendwa na kutendeka. Ujumbe ule utatokea tena wiki hii kwenye skrini ya mtu fulani. Naye akigeuka kumwomba mwenzake msaada, swali la kwanza atakaloulizwa na liwe la Kiswahili: "Waraka umefungwa? Na nani?"